Neno Dogo Lililotaka Kumtoa Zuhura

Asubuhi ile ya Alhamisi katika stesheni ya gari la moshi naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Ya harusi nimesahau hata aliyenipaka hina. Lakini nakumbuka mabehewa yaliposimama, nakumbuka watoto watatu wasioona wakiteremshwa ngazi mmoja mmoja na mwanamume aliyevaa kaptura ya khaki, na nakumbuka Bi Mwanakombo akinyoosha shingo na kuuliza, bila kumlenga mtu, "Na wangu yuwapi?"

Juzi ulinionyesha daftari lako la Kiingereza. Mwalimu amekukata alama kwa kuandika "to" palipotakiwa "for", nawe ukaniambia anakuonea kwa vineno visivyo na uzito. Sikukujibu. Nilitaka kwanza nimuombe Mungu anipe moyo wa kulisimulia jambo hili bila kujitetea. Sasa nadhani naweza, ndiyo maana nakuandikia.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ungali mbichi. Sisi tulikaa Kibokoni, mtaa wa mji wetu wa pwani, ghorofa ya juu, na chini yetu akikaa Bi Mwanakombo na mjukuu wake Zuhura. Hakuwa bibi yangu wa damu, ila ndiye aliyenishika kidole na kunionyesha alifu, herufi ya kwanza, kabla sijapelekwa chuoni kusoma Kurani, na mimi sikumjua kwa jina jingine ila Bibi. Zuhura alikuwa na miaka minane. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na surua ilikuwa imemchukua macho kabla hajatimiza mwaka. Mtoto yule alikuwa na masikio, subhanallah. Dirisha lao lilitazamana na chuo cha jirani, na kwa kuwasikiliza tu watoto wa chuo wakirudia masomo yao, alikuwa amehifadhi juzuu Amma yote ya Kurani. Watoto waliokosea, yeye akiwasahihisha kwa dirishani, nao wakimtukana.

Akaja afisa mmoja wa serikali akasema iko shule ya watoto wasioona huko bara, inaendeshwa na watu wa misheni, na mtoto huyu atafundishwa kusoma kwa vidole. Bi Mwanakombo alikaa na neno hilo miezi. Aliswali istikhara Mungu amwonyeshe njia, akauliza masheikh, akalia. Majirani walimwambia atampoteza mtoto. Yeye akawajibu, "Mimi nitakufa, na yeye ataongozwa na nani? Akijua kusoma, angalau barua yake ataisoma mwenyewe." Mwisho akakubali, kwa sharti moja alilomwambia yule afisa kwa mdomo tu: mtoto arudi nyumbani kila likizo, akae na dini yake na watu wake.

Ikabaki kuandika barua ya kumpeleka, na mkubwa wa shule alikuwa bibi wa Kizungu asiyejua neno la Kiswahili. Kazi hiyo ikapandishwa ngazi ikaja kwangu.

Hapa nataka unielewe vizuri, mwanangu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma sekondari, na katika mtaa wetu nilikuwa ndiye mwenye Kiingereza. Watu wakiniletea fomu zao, wakiniletea karatasi za hospitali, na kina mama wakinitaja wakiwagombeza binti zao. Nilipenda. Simsingizii shetani, nilipenda mwenyewe.

Na muhula uleule mwalimu wetu, mama mmoja wa Kigoa aliyetuvumilia sana, alikuwa akitufundisha vitenzi vya kutoa. Alisimama mbele na kitabu mkononi, akamkabidhi msichana wa dawati la mbele, akasema: kitu kikitoka mkono huu kikaingia mkono ule, neno lake ni "to". Kupa, kutuma, kukopesha, kuonyesha, kuuza, vyote hivyo vinafuatwa na "to". Bali ukimfanyia mtu kazi kwa ajili yake, ukamnunulia, ukampikia, ukamshonea, hapo ni "for". Wenzangu walichanganya, kwa sababu sisi hatuna taabu hiyo. Sisi kitenzi chetu tunakipachika ile "i" ndogo tumboni, nunua ikawa nunulia, pika ikawa pikia, acha ikawa achia, na hiyo moja inafanya kazi zote. Mimi sikuchanganya. Nilipata alama zote, na mwalimu akaisoma kazi yangu mbele ya darasa.

Bi Mwanakombo akakaa mkekani na tasbihi yake, mimi nikakaa na kalamu.

"Andika," akasema. "Wazazi wa mtoto huyu wamefariki. Mimi ni mtu mzima. Mtoto huyu namwachia Bi Mkubwa wa shule, na Mwenyezi Mungu ni shahidi baina yetu."

Nikafikiri kidogo kwenye "namwachia". Kuacha kwa Kiingereza nilikujua. Je, "to" au "for"? Nikacheka moyoni kwa wepesi wake. Mtoto anatoka mkono huu anaingia mkono ule. Nikaandika, na neno kwa neno nalikumbuka: "I leave this child to you."

"Umekwisha?" akauliza.

"Nimekwisha, Bibi."

"Hivyo upesi? Mimi nimesema mengi."

"Kiingereza ni kifupi."

"Basi wana raha hao," akasema, akaichukua karatasi akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu, pole pole, kama anayetia taraza ya uzi kwenye kanzu. Hakuniuliza nimeandika nini. Na mimi sikumwambia. Barua ikafungwa, Januari ikafika, Zuhura akapakiwa garini akiwa na kisanduku chake cha bati, akilia na kuuliza kila sauti ya injini ni ya nini.

Ndiyo ikaja Alhamisi ile ya Aprili. Bi Mwanakombo alikuwa amekesha jikoni. Kikapu kilijaa mahamri, na juu yake gauni jipya la Zuhura. Mama yangu alinituma nifuatane naye, kwa hivyo nilikuwa pale, mkono wangu umeshika kikapu upande mmoja, aliposhuka yule mwanamume wa kaptura na watoto watatu.

"Wa nne yuwapi?" Bi Mwanakombo akamwendea. "Zuhura. Msichana, mwembamba."

Yule mtu alikuwa wa bara, mpole. Akavua kofia. "Mama, mimi nimeambiwa nilete watatu na barua. Huyo mwingine wamesema amepata wazazi."

"Wazazi wake wako makaburini," Bi Mwanakombo akasema.

Yule mtu akatoa barua mfukoni akampa. Bi Mwanakombo, bila kuitazama, akanipa mimi.

Nikaifungua. Ilipigwa taipu, safi, na mwandishi wake alikuwa mtu mwema, jambo ambalo mpaka leo likinijia nafunga macho. Alimshukuru Bi Mwanakombo. Alisema ameisoma barua yake mara nyingi na imemgusa, mwanamke mzee kuikabidhi shule damu yake ya mwisho. Lakini shule, akasema, ni mahali pa masomo, haiwezi kuwa nyumba ya mtoto asiye na kwao. Kwa hiyo ametafuta, na Mungu amemjalia kupata mume na mke wacha Mungu wasio na mtoto, ambao wanarudi kwao Ulaya mwezi huu. Watamchukua Zuhura siku ya Jumamosi. Huko atalelewa kama mtoto wao, na matabibu wa macho watamtazama. Na katikati ya barua, ndani ya alama za kunukuu, yalikuwako maneno yangu mwenyewe: mtoto ambaye "you leave to us".

Mwanangu, nimezika wazazi na nimezika mume. Hata siku hizo sikuogopa kama nilivyoogopa pale. Nilikitazama kile kineno cha herufi mbili na nikaelewa kwa mara ya kwanza nilichokiandika. Sikukosea kanuni. Kanuni niliifuata sawasawa. Mtu anayekufa ndiye huwaachia watoto nyumba yake hivyo, kwa "to", ikawa yao na vizazi vyao. Mtu anayekwenda safari akamwachia jirani ufunguo, huyo kwa Kiingereza hutumia "with", na ufunguo unabaki wake, jirani ni mshika amana tu. Sisi tunasema amemwachia, hapa na pale, na hakuna anayekosea, kwa sababu tunamtazama msemaji usoni. Bi Mkubwa wa shule alikuwa na karatasi yangu tu ya kutazama.

"Wasemaje?" Bi Mwanakombo akauliza.

Nakiri kwako nilifikiri kumwambia mtoto ana homa, ataletwa wiki ijayo. Uongo ulinijia ukiwa tayari, na sentensi zake zimepangika. Sijui kwa nini sikuusema. Labda ni kwamba alikuwa amekishika kikapu kwa mikono miwili.

"Wasema wamempatia watu wa kumlea. Watamchukua Jumamosi. Wampeleka Ulaya."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yako, Bibi."

"Yangu." Alilirudia neno kama mtu anayeonja kitu kilichoharibika. "Nani kawaambia nimempa mtoto wangu?"

"Mimi."

Watu walikuwa wakitupita na mizigo yao. Wale watoto watatu walishapata mama zao, wanacheka. Bi Mwanakombo akatafuta pa kukaa asipaone, akakaa juu ya mzigo wa mtu.

"Mimi nilisema nawapa?"

"Ulisema namwachia."

"Na namwachia ndiyo nampa?"

Mwenye mzigo akaja, akamwona alivyo, akarudi nyuma akangoja.

Hakulia, na hakunipiga, ingawa pale ningemshukuru kwa kofi. Aliinuka akauliza kitu kimoja tu: kipi kitafika bara kabla ya Jumamosi? Yule mtu wa kaptura akasema barua haitawahi, labda telegramu. Tukaenda posta kwa miguu, yeye mbele na buibui lake, mimi nyuma na mahamri.

Pale posta nikaandika kwenye karatasi yao, nikairarua, nikaandika tena: "CHILD LEFT WITH YOU NOT TO YOU. GRANDMOTHER COMING." Nikaipitisha dirishani. Karani alikuwa mtu wa makamo wa Kirabai, mwenye miwani na penseli sikioni. Akasoma, akaitoa penseli, akaanza kukata.

"Telegramu haiandikwi hivi, dada. Hivi vineno vya katikati watu huviacha. Wewe andika mtoto, andika bibi yuaja, wenyewe wataelewa."

"Usikifute hicho," nikamwambia.

"Kipi?"

"Hicho. Wala hicho kingine. Hicho kimoja ndicho kilichompoteza mtoto, na hicho kingine ndicho kitakachomrudisha."

Akanitazama juu ya miwani. Akamtazama Bi Mwanakombo. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, mwenye Kiingereza changu, sikulifanya. Aliandika maneno yote upya kwa herufi kubwa, akaigeuza karatasi, akamwambia kwa adabu:

"Mama, mimi hapa nimeandika hivi: mtoto amewekwa kwenu, hakutolewa akawa wenu. Bibi yake yuaja. Ndivyo usemavyo?"

"Ndivyo nisemavyo," Bi Mwanakombo akajibu.

"Hakuna lililozidi?"

"Hakuna."

"Wala lililopungua?"

"Wala halikupungua, mwanangu. Mungu akuweke."

Tulipotoka nje ndipo aliponisemeza. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, na sauti yake haikuwa kubwa. "Yule mtu hanijui. Leo ndiyo mwanzo kuniona, na ameniuliza ninachosema. Wewe nimekulea. Mbona hukuniuliza?"

Nikasema nilidhani nimeelewa.

"La. Ulijua la Kizungu, ukaona la kwangu halina haja ya kuulizwa."

Basi. Akatangulia, nami nikamfuata na kikapu mpaka Kibokoni. Nimesoma vitabu baada ya hapo, nimekaa mbele ya masheikh wakubwa, na sijapata kukaripiwa kwa maneno machache hivyo yakanitosha umri mzima.

Siku ile sikula. Niliswali, na nilipofika kusujudu sikujua niombe kwa maneno gani, nikahofia hata dua yangu itachukuliwa vingine. Najua hilo ni la kitoto, kwani Yeye hahitaji kutafsiriwa. Lakini hivyo ndivyo nilivyokuwa nimetishika.

Jibu lilikuja Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Tarishi wa posta aliuliza nyumba, mtaa mzima ukamfuata mpaka mlangoni. Watu ishirini wakanikodolea macho nilipokuwa nikisoma. Nikasoma mara tatu kimya, ndipo nikasema: "Mtoto yuko shuleni. Hatakwenda popote. Wamngoja bibi yake." Mama yangu akaketi chini palepale kizingitini. Bi Mwanakombo akaniuliza, "Una hakika? Kila neno?" Nikamwambia kila neno, nikamwekea kidole juu ya kila moja na kumweleza, yeye akifuata kama anayehesabu chembe za mchele.

Baba yangu akafuatana naye bara na gari la Ijumaa hiyohiyo. Wakarudi na Zuhura mwanzo wa wiki, amerefuka, ananukia sabuni ngeni. Aliyetusimulia ni yeye. "Waliniambia nina mama mpya," akasema akitafuna hamri. "Nikawauliza, bibi yangu mumemwambia? Wakasema ndiye aliyesema. Nikawaambia mwasema uongo, bibi yangu hasemi hivyo." Alisema bila uchungu, kama anayesahihisha wale watoto wa chuo. Baba alisema yule Bi Mkubwa wa shule alipoelezwa alishika kichwa, akaenda mwenyewe kuwaambia wale mume na mke. Nao pia walikuwa watu, mwanangu. Walikuwa wameshamtengenezea chumba. Wao sikuwahi kuwaomba radhi, na nawaombea.

Hapa ungedhani Bi Mwanakombo alimzuia mtoto nyumbani. Wengi mtaani walimwambia hivyo, na mimi nilitumai hivyo, nisione tena karatasi maishani. Lakini Zuhura alikuwa amejifunza nukta za vidole, alikuwa akizitafuta hata ukutani. Siku mbili kabla ya muhula Bi Mwanakombo akapanda ngazi zetu, akaketi, akaniwekea karatasi mapajani.

"Andika. Mtoto arudi shule."

Nikalia. Nikamwambia amtafute mwingine, mjini watu wamejaa.

"Mwingine wa nini? Mwingine hajui kosa liko wapi. Wewe unalijua."

Nikaandika. Tulikaa kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi kwa barua ya mistari sita. Kila sentensi niliisoma kwa Kiingereza, nikaigeuza kwa Kiswahili, nikamuuliza kama alivyouliza yule karani. Mara mbili alisema, "Sivyo," na mara zote mbili nilikuwa nimedhani ndivyo. Zuhura alikwenda na akarudi kila likizo, na leo ni mwalimu mstaafu, mwenye wajukuu wanaomsomea magazeti huku akiwakosoa.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, nizitamke wazi usije ukazitafuta. Jifunze vineno hivyo. Ukitoa kitu kikawa cha mwenzio, "to". Ukimfanyia mtu jambo kwa ajili yake, "for". Ukimwekea mtu kitu akutunzie, "with". Usimwambie mwalimu anakuonea, mshukuru, maana wewe umekatwa alama tu, mimi nusura nimtenganishe mtu na mtoto wake. Lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba siku moja mtu asiyejua unachokijua atakuja kwako na maneno yake, akuombe uyafikishe. Labda ni wakili utakuwa, labda daktari, labda karani wa dirishani. Maneno yale si yako. Ni amana, na wewe umeachiwa kwa maana ile ya kutunza. Usijione umeelewa kwa sababu umesoma. Mrudishie kwa lugha yake, muulize kama ndivyo asemavyo, na akisema sivyo, furahi, ufute, uanze tena. Taabu ya kuuliza ni ya dakika mbili. Mimi nilijinyima dakika mbili, na mwanamke aliyenifundisha alifu akakaa juu ya mzigo wa mtu asiyemjua, mbele ya watu, akiniuliza kama amemtoa mtoto wake.

Mwenyezi Mungu aufanye ulimi wako uwe salama kwa wanaokutegemea, na kalamu yako isimpeleke mtu mahali asipotaka kwenda. Akupe elimu, na pamoja na elimu akupe unyenyekevu wa kuuliza. Amrehemu Bi Mwanakombo, amjaze nuru katika kaburi lake, na yule karani wa Kirabai, ambaye jina lake sikulijua, amlipe kwa lile swali lake kila alilolikosa duniani. Amin.